Chuchu Moja ya Gaju

Siku niliyovunja ungo nilikuwa nimechuchumaa chini ya ng'ombe, nakamua. Wasichana wengine wa kijiji chetu, Kanazi, walipatwa na jambo hilo wakiwa shambani au njiani kwenda kuchota maji, mahali ambapo mtu anaweza kulia kidogo kisha maisha yakaendelea. Mimi niliona damu inashuka mguuni, nikatazama kibuyu cha maziwa katikati ya magoti yangu, nikajua nimekwisha.

Kwetu mwanamke aliye mwezini hanywi maziwa, hagusi kibuyu, hakanyagi zizini. Akithubutu, ng'ombe atatoa damu badala ya maziwa, kisha atakauka, kisha atakufa. Hilo tulilijua kabla hatujajua ishara ya msalaba. Tena kukamua kwenyewe ni kazi ya wanaume. Lakini baba yangu, Leonidas, alikuwa amekwenda vitani na mgambo, yeye na kila mwanamume mwenye nguvu kijijini, na mama alikuwa amefariki akimzaa mdogo wangu Niragira. Tulibaki mimi, mwenye miaka kumi na mitatu. Niragira, asiye na jino hata moja. Na Bibi Febronia, mama yake baba, ambaye vidole vyake vilikuwa vimekunjamana kwa baridi yabisi hata kijiko kilimshinda. Na Gaju, ng'ombe wetu. Gaju lazima nimtaje, maana ndiye aliyekuwa akimnyonyesha mdogo wangu.

Sasa nimwambie nani? Mambo haya msichana humwambia shangazi, na shangazi yangu alikuwa ameolewa mbali, Kaniha, Biharamulo. Nikimwambia Bibi, atanitoa zizini. Nikitoka zizini, nani atakamua? Nilinyamaza. Nilimlisha mtoto, nikamlaza, nikaenda migombani nikalia mpaka kichwa kikaniuma.

Halafu kulikuwa na shida ya kitambaa. Mwaka ule usimtajie mtu habari za nguo. Duka la kijiji lilikuwa na mizani, kaunta na mwuzaji aliyesinzia. Sabuni na vitambaa tulivisikia tu. Nilijaribu majani makavu ya mgomba, yakanichubua mapaja hata kutembea ikawa adhabu. Ndani ya sanduku la Bibi kulikuwa na marekani nyeupe, mpya kabisa, aliyoinunua zamani na kuiweka iwe sanda yake. Ukoo mzima uliijua, na kila Pasaka aliitoa akaianika juani. Nililifungua sanduku, nikaishika ile marekani, nikalifunga. Kumwibia bibi yangu sanda nilishindwa. Badala yake nikachukua kanga ya mama, ile moja tuliyombebea Niragira, nikaipasua vipande huku namwomba mama msamaha kwa sauti.

Kabla damu yangu haijakatika, Gaju naye akatoa damu.

Ilikuwa asubuhi. Maziwa yalitoka na nyuzi nyekundu, na Gaju akanipiga teke, yeye aliyekuwa mpole kuliko watu wengi ninaowajua. Na Mzee Ildefonce hakuchagua siku nyingine ya kupita. Huyu alikuwa jirani yetu, mzee asiyefaa tena kwa vita, ambaye baba alimwomba amwangalie Gaju.

"Shikamoo, babu," nilisema, nikijaribu kukificha kibuyu nyuma yangu.

"Marahaba. Hebu nione hayo maziwa."

Alimimina kidogo kiganjani, akayatazama, akayamwaga chini. Wala hakunitazama mimi. Alikwenda moja kwa moja mlangoni kwa Bibi.

"Febronia, kuna mwanamke ameingia zizini kwenu na mwezi wake. Jioni nakuja na kamba. Gaju atakaa kwangu mpaka atakaswe, na asikamuliwe na mtu. Leonidas akirudi akute ng'ombe, asikute ngozi."

"Na mtoto?" Bibi aliuliza.

"Mpeni uji."

Uji! Tulikwisha kumpa uji mama alipofariki, kabla Gaju hajazaa. Ulimtoka wote, juu na chini, akabaki macho tu na shingo kama kidole changu. Padri alikuwa amekwisha kumpaka mafuta. Mzee Ildefonce aliyajua hayo. Alijua pia sheria ya ng'ombe, akaona hana la kufanya, akaondoka.

Bibi alimgeukia Niragira, aliyelala bila kitu cha kubebewa. Kisha akasema, "Kanga ya mama yako iko wapi?"

Niliangukia miguuni pake. "Ni mimi, Bibi. Nimemuua Gaju. Nimemuua na Niragira." Nilitamani anipige. Nilitamani anifukuze niende hata huko kwenye mizinga, popote ambapo sitasikia mtoto yule akilia njaa.

Hakunipiga. Alishika fimbo yake, akajikokota hadi zizini, nami nyuma yake kama mfungwa. Vidole havikufanya kazi, basi akatumia mgongo wa mkono: akaugusa upande mmoja wa kiwele, kisha wa pili, akazunguka. Alipofika chuchu ya nyuma, ya kushoto, Gaju akaruka.

"Hapa panaungua," alisema. "Kamua hizi nyingine."

"Bibi, siwezi."

"Kamua!"

Nilikamua huku nafumba macho. Alinigonga bega nitazame. Maziwa yalikuwa meupe. Chuchu ya pili, meupe. Ya tatu, meupe. Ile ya nne tu ndiyo iliyotoa damu.

"Onyesha mikono yako." Nikaionyesha. "Kucha hizi! Umemchana mnyama wa watu. Nani alikufundisha kukamua? Hakuna. Tulikutupa tu humu kwa sababu wanaume wamekwisha." Alikohoa, akatema mate. "Na kama ni damu yako, mbona imechagua chuchu moja?"

Sidhani kama yeye mwenyewe aliamini kabisa. Alikuwa mtu wa mila mpaka kwenye mifupa, na niliona midomo yake inacheza, anaomba, sijui akimwomba Mungu yupi.

"Bibi, na kama ni kweli? Kama Gaju atakufa?"

"Gaju akifa, mwana wanje, mwanangu, tutakula nyama. Niragira akifa tutakula nini?"

Jioni Mzee Ildefonce alikuja na kamba yake. Bibi alikuwa amekaa kwenye lango la zizi, kwenye tope, fimbo mapajani.

"Amejulikana," alimwambia. "Aliyemshika Gaju ni mimi."

"Wewe?"

"Mimi. Niko mwezini."

Mzee alimtazama. Alikitazama kichwa cheupe, meno mawili yaliyobaki, mgongo uliopinda. Walikua pamoja wawili hawa. Mzee alicheza ngoma kwenye arusi ya Bibi.

"Febronia..."

"Unataka nikuonyeshe?"

Basi, mzee wa watu alikuwa na heshima zake. Aligeuza uso upande wa barabara, akaikunja ile kamba polepole. "Hiyo chuchu mbaya ikandwe kwa maji ya moto," alisema, hasemi na mtu yeyote. "Ikamuliwe mpaka iishe, maziwa yake yamwagwe. Na huyo bibi mwenye mwezi akate kucha." Akaenda zake.

Nilicheka, kisha nikalia, kisha nikaenda kukamua. Niragira alikunywa mpaka akalala na kijiko mdomoni.

Bibi aliniita ndani. Sanduku lilikuwa wazi. Alikuwa ameuma pindo la marekani kwa yale meno yake mawili, anashindwa.

"Nisaidie kupasua."

"Hiyo ni yako, Bibi. Utazikwa na nini?"

"Mgomba umekauka lini hapa? Pasua. Kanga ya mama yako ifuliwe, ishonwe, imbebe mtoto."

Nilipasua. Ile sauti ya nguo mpya bado ninayo masikioni.

Gaju alipona. Chuchu ile ilikufa, lakini tatu zilimtosha mdogo wangu. Vita vikaisha, baba akarudi akiwa amekonda, hasemi sana. Mwaka uliofuata, wakati wa mvua, Bibi alifariki, na madukani bado hapakuwa na nguo. Baba alipanda lori hadi Lusahunga kuwauliza madereva wa malori ya mpakani Rusumo kama wana kitambaa, akarudi mikono mitupu. Tukamfunga Bibi Febronia kwa majani ya mgomba na kamba za mgomba, kama watu walivyozikwa kabla ya marekani kufika.

Kabla hatujatoka kwenda kaburini, baba alisimama mbele ya lile sanduku, akauliza sanda ya mama yake imekwenda wapi. Wanawake walitazamana. Mzee Ildefonce aliinamisha kichwa. Mimi nilikuwa nimembeba Niragira mgongoni, nikarudi nyuma ya wanawake. Siku hiyo nilikuwa mwezini, na sanda hiyo nilikuwa nimeivaa.