Gawa kwa Usawa

Mziwanda alikuwa amekaa kwenye kompyuta ya pili kutoka mlangoni, ile ambayo kibonye chake kimoja kimeshikwa kwa gundi, akipanga vichwa vya ndugu zake kuuzunguka uso wa mama yao. Ilikuwa kazi ya saa ya ukutani. Kaka Mkubwa, muuza vipuri vya magari, ndiye aliyeiagiza kwa simu. Mama anatimiza miaka themanini, alisema, kwa hiyo awekwe katikati na watoto wamzunguke. Yeye mwenyewe akae juu kabisa, kwenye kumi na mbili, na kichwa chake kiwe kikubwa kidogo kuliko vya wenzake, si sana.

"Duara halina mkubwa, Kaka," Mziwanda alimwambia.

"Basi ninenepeshe."

Mziwanda alikuwa ameshavuka miaka arobaini na kipara kilikuwa kimeshaanza kumsalimia, lakini mtoto wa mwisho ni wa mwisho, jina halikui. Kazi yake ilikuwa kuchora kwenye kompyuta katika duka la uchapaji: kadi, mihuri, mabango, vibandiko vya chupa. Kupanga vitu kwenye duara ilikuwa kazi ya kufanya huku akipiga mluzi. Unachora fremu moja, unaiweka juu. Ukiibofya mara ya pili, katikati yake kinatokea kijialama cha kujumlisha, na hicho ndicho itakachokizunguka. Wanaojifunza husahau kukihamisha, basi wakizungusha, fremu inajigeuzageuza palepale kama mtu aliyekosa usingizi. Mziwanda hakusahau. Alikiburuta mpaka kwenye pua ya mama, akatoa nakala, akaziwekea picha, akachagua vichwa vyote vinne na kubofya palipoandikwa Gawa kwa usawa. Vikakaa. Kaka juu, Dada kulia, Profesa chini, na yeye kushoto. Akahifadhi, akazima, akaenda nyumbani huku mkono mmoja umeshika kinena.

Mkono ulikuwa pale kwa sababu ya ngiri. Tangu kiharusi kimpige, mama hakuweza kusimama, na Mziwanda ndiye aliyemnyanyua kutoka kitandani hadi kwenye kiti, kutoka kwenye kiti hadi bafuni, na kumrudisha, mpaka siku moja kitu kikaachia tumboni. Daktari alisema apasuliwe, na akishapasuliwa asinyanyue chochote kwa miezi miwili, hata ndoo ya maji. Akichelewa, utumbo utajifunga na hapo itakuwa habari nyingine. Tarehe ya kwanza ya upasuaji ilikuwa imeshapita kwa kukosa mtu wa kumnyanyua mama. Kaka aliishi ng'ambo ya milima. Dada, ambaye alikuwa nesi, aliishi mwendo wa siku nzima kwa basi. Profesa, mwalimu wa msingi aliyepewa jina hilo kwa sababu ya miwani, aliishi reli inakoishia. Kila mmoja alisikitika sana kwenye simu. "Wewe uko karibu," walimwambia, na hapo hawakusema uongo, maana chumba chake na cha mama vilitenganishwa na ukuta mmoja.

Mama alikuwa na maneno yake. "Wenzako wanawinda ngiri porini," alisema, "wewe unatembea naye ndani ya suruali."

Jioni hiyo Mziwanda alikuta nyumba ya mama imesimama peke yake katikati ya uwanja wa majani, na uwanja umezungukwa na milango minne, kama vichwa kwenye saa. Nyumba za ndugu zake zilibaki zilikokuwa, kila moja na mtaa wake. Milango ya nyuma tu ndiyo iliyohamia. Wa Kaka ulikuwa wa chuma, una kufuli mbili. Nje ya mlango wa Dada kulikuwa na kamba yenye sare nyeupe mbili. Wa Profesa ulikuwa umepigwa rangi nusu, kwa sababu rangi ilimwishia. Upande wa kushoto, ukuta wa pamoja ulikuwa umeachana kwa ustaarabu, na chumba cha Mziwanda kimesogea hadi mahali pake, umbali uleule kama wenzake. Usawa ni usawa. Jirani alilalamika kwamba nyumba ya mama sasa inazikinga nguo zake jua, kisha akahamisha kamba.

Ndugu wakatoka, kila mtu na kiti chake, wakanywa chai uwanjani pamoja na mama. Dada alisema kumbe ni hapa tu. Kaka alitazama huku na huku kama mtu anayekagua gari la mkononi, akasema kazi ni safi. Mziwanda akawaambia kwamba amepewa tarehe nyingine, Jumatatu, na wote wakasema vizuri sana, watapeana zamu. Kaka ndiye aliyetia nguvu kuliko wote. Alisema kutoka mlangoni kwake hadi kwa mama, chai haipoi kikombeni.

Jumatatu asubuhi Mziwanda alikaa ukingoni mwa kitanda cha mama, mfuko wa nguo miguuni, akisubiri. Hakuna mlango uliofunguka. Akaenda kugonga. Kaka alijibu kupitia tundu la kufuli kwamba mzigo wa matairi umeingia, ameupanga nyuma ya mlango, hauwezi kutolewa leo wala kesho. Dada alisema kupitia dirishani kwamba ametoka kazini sasa hivi, ameinua wagonjwa usiku kucha, akimwona mgonjwa mwingine atalia. Profesa alifungua mlango kabisa, maana yeye alikuwa amelifikiria jambo lenyewe.

"Zamani tulijua nani yuko karibu, mambo yakaenda bila maneno," alisema. "Sasa tuko sawa. Watu wakiwa sawa, aanze nani?"

"Anza wewe."

"Kwa kigezo gani, mdogo wangu?"

Mziwanda alirudi, akausukuma mfuko chini ya kitanda, akamnyanyua mama.

Kesho yake kazini alifungua faili la saa. Kurudisha kama ilivyokuwa haikuwezekana, kwa sababu kompyuta ikishazimwa husahau ulikotoka. Lakini duara linaweza kupunguzwa. Alilipunguza mpaka vichwa vinne vikakaribia kugusa masikio ya mama, na jioni akakuta milango imemsogelea mama kiasi kwamba Kaka angeweza kumpa kikombe cha maji kupitia dirishani bila kutoka ndani. Kaka aliweka pazia. Profesa aliziba masikio kwa pamba, alikuwa anasahihisha mitihani. Siku ya tatu Dada alimpigia simu Mziwanda, akasema kikohozi cha mama kinaingia hadi chumbani kwake na yeye anahitaji kupumzika, hebu apanue kidogo, wala si kwa ubaya. Wengine wawili walipiga kwa hilohilo kabla ya chakula cha mchana.

Mziwanda akapanua. Wakasema bado. Akapanua tena, hadi wote wakaridhika. Na kwa kuwa duara haliwezi kumpeleka mmoja likamwacha mwenzake, chumba chake nacho kilirudi nyuma, mbali kuliko mara ya kwanza, karibu na mfereji. Sasa alitembea uwanja mzima kwenda kumwamsha mama, uwanja mzima kurudi kuvaa, uwanja mzima tena kumlisha, mkono kwenye kinena kama aliyeficha pochi. Tarehe ya tatu ya daktari ikapita naye akiwa katikati ya majani.

Majani yakafa alipopita. Njia ikatokea, nyeupe, kutoka mlango wa kushoto hadi kwa mama. Kwenye faili nako ukatokea mstari, kutoka kichwa chake hadi kwenye pua ya mama. Hakuuchora. Alipoufuta, aliukuta asubuhi umerudi.

Kaka, alipotumiwa sampuli ya saa, aliuona mara moja.

"Huo mstari unaharibu usawa," alisema.

"Haufutiki, Kaka. Ni njia."

"Basi tuwekee na sisi."

Mziwanda alilifikiria hilo, na alivyolifikiria ndivyo lilivyompendeza. Njia ikishakuwepo, alijiambia, mguu utajipeleka wenyewe. Aliuchagua mstari, akauwekea kijialama kwenye pua ya mama, akatoa nakala na kugawa kwa usawa. Jioni zilikuwepo njia nne, zote nyeupe, zote zimekanyagika, hata jiwe dogo alilozoea kujikwaa kwenye yake lilikuwepo kwenye kila moja.

Siku ya kuzaliwa kwa mama, wageni walijaa uwanjani. Ndugu walitoka kwa milango yao wamependeza, Kaka akaitundika saa ukutani mwenyewe, na watu wakapiga makofi. Mgeni mmoja, mwanamke mtu mzima aliyewahi kufanya kazi na mama zamani, alisimama akitazama njia, machozi yakamlenga. Alisema yeye ana watoto saba na mlangoni kwake majani yanafika magotini. Akasema mwenzangu umezaa, ona wanavyopishana kuja kwako. Kaka akajibu kwamba wanajitahidi. Dada akasema ni wajibu. Profesa akasema jambo lenyewe ni mpangilio tu.

Wageni walipoondoka, milango mitatu ilifungwa, mmoja baada ya mwingine. Mama alibaki kwenye kiti chake uwanjani, bado na kofia ya karatasi kichwani.

"Yako ni ipi?" aliuliza, akizitazama njia.

"Ile."

"Zote sawa tu."

"Ndiyo, mama."

Mziwanda alikaza mkanda wa suruali kwa tundu moja zaidi, akapiga goti, akapitisha mikono chini ya mapaja ya mama. Mama akamshika shingoni.

"Mwangalie ngiri wako," alisema.

"Ninamwangalia," akasema, akainuka naye.