Salamu Iliyokata Pensheni

Mama Pacha alikuwa ameisoma ile barua mara nyingi hata mikunjo yake ikaanza kuchanika, na kila alipofika aya ya tatu alitamani kumpiga mtu. Barua ilitoka Mfuko wa hifadhi ya jamii. Ilisema pensheni ya ulemavu ya mumewe imesitishwa, kwa kuwa daktari wa Mfuko amemwona na kumkuta mzima. Na ushahidi wa uzima wenyewe ndio huu: "Alipoulizwa hali yake, mhusika alijibu kuwa ni nzuri sana, anamshukuru Mungu."

"Sasa ulitaka nimjibuje?" Baba Pacha aliuliza, kama alivyouliza kila siku kwa miezi mitano. "Mtu kanisalimu."

Alikuwa fundi wa lipu, tena fundi hasa, mpaka siku jukwaa lilipovunjika likamwangusha kutoka ghorofa ya pili. Tangu hapo mkono wa kulia haukupanda juu ya bega, na akiinua uso kutazama dari, kizunguzungu kinamchukua. Lakini sikio la kufa halisikii dawa. Barua ilipokuja alikwenda kwa nyapara wake wa zamani, wakaelewana kwamba rufaa ikishindikana, Jumatatu inayofuata yuko kazini, juu ya jukwaa kama zamani. Mwiko wake wa kupigia lipu alishausugua kwa msasa hadi ukang'aa, akautia kwenye begi la turubai na kulitundika nyuma ya mlango. Mama Pacha alikuwa halitazami begi lile. Alijua kabisa kwamba mume akipanda, atateremshwa na watu.

Rufaa ilisikilizwa Alhamisi. Asubuhi alimvalisha koti, mkono mbovu kwanza halafu mzima, maana kinyume chake hakuwezekani.

"Si ungevaa lile shati lililochakaa?"

"Nionekane ombaomba?"

"Uonekane mgonjwa! Mficha maradhi, kifo humuumbua. Leo ukiulizwa habari, sema mbaya. Neno moja tu. Haya, tujaribu: mzee, habari za asubuhi?"

Baba Pacha akatikisa kichwa. "Mke wangu, mimi nimelelewa."

"Umelelewa, ndiyo. Na Jumatatu tutakuzika na malezi yako."

Chumba cha baraza la rufaa kilikuwa na meza ndefu, viti vya plastiki, na feni iliyopiga kelele nyingi kuliko upepo. Wajumbe walikuwa watatu: mwenyekiti, ambaye ni mama wa makamo aliyefunga mguu wa miwani kwa uzi; daktari mwenye mvi, na bwana mmoja aliyekuwa akiandika kila kitu. Upande wa pili alikaa mwanasheria wa Mfuko, kijana mtanashati mwenye tai, ila shavu la kushoto lilikuwa limevimba na kila mara aliligusa kwa leso.

"Mwanasheria, umeamkaje?" mwenyekiti alianza.

"Salama, mheshimiwa."

"Na wewe, mzee wangu, habari yako?"

Mama Pacha akamtolea mumewe macho. Baba Pacha aliyaona, kisha akainamisha kichwa kwa adabu zake zote.

"Nzuri sana, mheshimiwa. Tunamshukuru Mungu."

Moyo wa Mama Pacha ulimlipuka paa. Mwanasheria naye alikwishasimama. "Mheshimiwa, naomba hilo liingie kwenye kumbukumbu. Mrufani mwenyewe, kwa kinywa chake..."

"Na wewe je?" Mama Pacha alikuwa wima bila kujua alisimama saa ngapi. "Wewe mwanangu umeulizwa umeamkaje, ukasema salama. Salama gani hiyo, na shavu kama umeficha limau?"

Bwana wa kuandika aliangua kicheko, akajikohoza kukificha.

"Keti, mama," mwenyekiti alisema, lakini hakukasirika. Aliivua miwani, akamgeukia mwanasheria. "Hilo jino lina siku ngapi?"

Kijana akatazama makaratasi yake. "Nne, mheshimiwa."

"Unalala?"

"Silali."

"Na tuandike kwamba u salama?"

Kijana akakaa polepole.

Hapo daktari mwenye mvi akaisogeza ile ripoti. "Mzee, daktari wa Mfuko alikuagiza uinue mkono?"

"Hapana. Aliniuliza habari, akaandika, tukapeana mikono ya kuagana."

"Mkono upi?"

"Wa kushoto. Nilimwomba radhi."

"Nikuombe basi, vua koti."

Mama Pacha akainuka, kwa mazoea. Mwenyekiti akamzuia kwa kiganja. Baba Pacha akabaki peke yake na koti lake. Alivuta huku, akajipinda kule, akajaribu kulitikisa lianguke lenyewe. Jasho likamtoka. Koti lilikwama begani, nusu ndani nusu nje, na chumba kizima kilisikiliza feni. Mama Pacha alitaka kulia.

"Siwezi, mheshimiwa," Baba Pacha alisema, macho chini.

Miaka ishirini na sita ya ndoa, na neno hilo hakuwahi kulisikia kinywani mwake.

Waliambiwa wasubiri ukumbini, na kabla ya adhuhuri wakaitwa tena. Mwenyekiti alisoma uamuzi bila mbwembwe: salamu si kipimo cha tiba, mrufani hakupimwa, na baraza limeridhika kwamba hawezi kazi. Rufaa imekubaliwa. Pensheni irudishwe tangu siku iliposimamishwa. Mama Pacha alikuwa ameandaa hotuba nzima ya kuwaambia, ya kusifu au ya kulaani kutegemea na mambo, ikamyeyuka yote. Alisema asante mara tatu, akapenga kamasi. Mlangoni akampita mwanasheria, akashindwa kujizuia: "Kang'oe, mwanangu. Usingoje Jumatatu."

Getini mlinzi akasalimu, "Mzee, habari za leo?"

"Nzuri sana, tunashukuru," Baba Pacha akajibu, na mkewe akacheka hadi akashika ukuta. Mtu huyu hafundishiki.

Nyumbani alimkalisha kitandani amvue koti, mkono mzima kwanza. Akauliza kama anavyouliza kila siku, akijua atajibiwa "aa, kidogo tu."

"Inauma?"

Baba Pacha akaushika mkono mbovu kwa ule mzima.

"Inauma sana," alisema. "Tangu siku ile, haijaacha hata siku moja." Kisha akaelekeza kidevu mlangoni. "Na lile begi liondoe pale. Nilikuwa naliogopa."