Kipa Aliyejaza Goli

Sosthenes alirudi kutoka Nyololo na maneno yale yale kwa kila aliyemuuliza: "Lile si golikipa. Lile ni jitu."

Wenzake wa timu ya Gereji, mafundi wa Mwanjelwa, Mbeya, walimuunga mkono, na si kwa kumhurumia. Wote walimwona. Yule kipa, Liberatus, alisimama golini kichwa kikawa karibu kugonga mti wa juu, na akinyoosha mikono huoni pa kupitisha mpira. Mawinga waliogopa kupiga, viungo waliogopa kupiga. Penati ilipopatikana, Sosthenes, nahodha, mtu ambaye Mwanjelwa nzima inaujua mguu wake wa kulia, akaitafuta kona ya juu kabisa ili mpira upite mbali na lile jitu. Mpira ukaenda kutua kwenye mahindi ya watu. Nyololo wakashinda bao moja.

"Ndumba hizo," akasema Jailos, straika mwenzake. "Mtu hawezi kuwa mkubwa vile bila kusaidiwa."

Ndumba gani, jamani! Watu wa mpira wakifungwa hukimbilia kwa mganga kabla hawajakaa chini wakafikiri. Magoli ya Nyololo ni miti ya paina. Kule Mufindi miti si shida, lakini paina ukiichimbia bila kuitia dawa haidumu, kila masika inaoza chini. Basi wanakijiji wanang'oa nguzo, wanakata kwa msumeno pale palipooza, wanachimbia kilichobaki. Nani atupe mti mzima kwa sababu ya kipande kilichooza? Kwa hiyo goli likawa linashuka, kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka, na hakuna aliyeliona likishuka. Walichoona wao ni Liberatus anakua. Mtu mzima, baba wa watoto, eti anakua! Na mwenyewe aliamini, akaanza kuinama akiingia milangoni.

Sosthenes hakuyajua hayo, na hapo ndipo mtu unapomshangaa, maana yeye ni fundi wa kuchomelea, na magoli ya chuma ya uwanja wao pale Mbeya aliyaunga kwa mikono yake. Lakini siku ile hakuuangalia mti. Alimwangalia mtu.

Kocha Filemoni alimwambia waziwazi mbele ya wenzake: mechi ya marudiano ni hapa nyumbani, na akikosa tena, kitambaa cha unahodha anakichukua Jailos na yeye atafute benchi. Sosthenes alikivaa kitambaa kile tangu timu inaanzishwa. Gereji alikuwa fundi kama mafundi wengine, na shati lake limetobolewa na cheche. Uwanjani ndiko watu walikomwita Nahodha. Alikipenda kile kitambaa kuliko alivyotaka watu wajue.

Siku hizo hizo mkewe, Devota, alikwenda Nyololo kumwangalia shangazi yake anayeumwa miguu. Nyumba ya shangazi imepakana na uwanja. Devota alirudi anacheka tangu mlangoni.

"Baba Upendo, hilo jitu lako nimelikuta bombani linachota maji."

"Ehe?"

"Ni fupi kuliko wewe."

"Acha utani, mama."

"Utani wa nini? Shangazi kaniambia nikaanike nguo golini, wanawake wote wa pale wanaanika huko. Nikaenda. Blanketi zito, limeloa chapachapa, nimelitupia juu ya ule mti bila hata kusimama kwa vidole. Mimi huyu!"

Devota humfikia mumewe begani. Sosthenes akainuka, akaweka kiganja juu ya kichwa cha mkewe, akakisia urefu, akakisia tena. Halafu naye akaanza kucheka. Kesho yake akawasimulia mafundi, na gereji nzima ikaacha kazi kwa kucheka.

Siku ya marudiano Liberatus alishuka kwenye basi akiwa na sweta na kofia ya kufuma, akamsalimia kila mtu kwa adabu. "Kamwene," alisema, "kamwene." Mfupi, mnene kidogo, mpole. Akaenda kusimama chini ya goli la chuma, akaangalia juu, akakaa anaangalia muda mrefu.

Basi Gereji wakavimba vichwa. Walipomwona mdogo vile, kila mtu akataka bao lake. Hakuna pasi, hakuna krosi, hata mabeki walipiga kutoka huko huko nyuma walikosimama. Na mipira yote, sijui ni uvivu sijui ni dharau, ikaenda moja kwa moja kifuani kwa Liberatus.

"Pasianeni, nyie!" Kocha alipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Nani amsikilize? Mechi ikaenda hivyo, bila bao, mpaka dakika za mwisho beki wa Nyololo alipounawa mpira ndani ya boksi. Penati. Gereji wakifunga, timu zinalingana na zinakwenda kupigiana matuta. Wakikosa, ndiyo basi.

Sosthenes akauchukua mpira kabla hajaambiwa.

Devota akapanda juu ya benchi. "Mfupi huyo, Baba Upendo! Mfupi!" Uwanja mzima ukaangua kicheko.

Alijua. Aliutazama mti wa juu, akaona maungio aliyoyachomelea mwenyewe, akaona nafasi kubwa iliyobaki kati ya chuma na kofia ya Liberatus. Akarudi nyuma, akavuta pumzi, akainua macho. Liberatus akanyoosha mikono, na pale pale Sosthenes akaliona jitu. Yule mtu mfupi alikuwepo, alimwona vizuri tu, lakini juu yake alisimama yule wa Nyololo, kichwa kwenye mti, mikono pande zote, na goli likabakiwa na upenyo mmoja, kule pembeni kabisa mwa nguzo ya kushoto. Sosthenes aliogopa. Mchana kweupe, mbele ya mkewe, aliogopa kitu alichojua kabisa kwamba hakipo.

Akaupigia ule upenyo. Mpira ukagonga nguzo, chuma kikalia, ukatoka nje. Liberatus hakuwa amesogea hata kidogo.

Filimbi ilipolia, watu wa Nyololo walivamia uwanja wakambeba kipa wao juu juu. Aliposhushwa, alikuja moja kwa moja kwa Sosthenes, ambaye bado alikuwa amesimama pale pale alipopigia.

"Pole, kaka," akasema. "Nikwambie ukweli? Goli lenu limenitisha. Tangu mpira uanze najiona nimepungua. Pale kwenye penati nilishindwa niruke upande gani, nikabaki nimesimama tu. Ungepiga popote."

"Popote?"

"Popote, kaka. Hata taratibu."

Sosthenes akacheka, kicheko kikavu. Akampa mkono, akamwambia hongera, akaenda kwenye benchi la timu yake. Jailos alipomwona anakuja aliinama akajifanya anafungua kamba za viatu. Kocha alikuwa bado hajasema neno. Sosthenes akavua kitambaa, akaushika mkono wa Jailos, akamvisha mwenyewe, akakivuta kikae sawa, na hapo ndipo alipolia.