Antena Iliyofuata Mtaa

Shemeji yangu, mume wa dada, ananitia kinyaa. Nasema mapema, nisije nikaulizwa baadaye.

Siku hiyo kitinda mimba wetu alikuwa anasoma taarifa ya habari kwenye televisheni kwa mara ya kwanza, saa saba mchana, kituo cha mji wa mbali. Mama alitaka amwone. Daktari alishatuambia macho ya mama hayatafika mwisho wa mwaka.

Fundi alileta antena mbili. "Hii ndefu ya vijiti vingi ndiyo ya mbali," alisema. "Itazame nyuma ya nyumba, upande wa choo. Mnara wao uko huko."

Shemeji akacheka, makombo ya karanga yakimruka mdomoni. "Antena za mtaa mzima zinatazama kilimani, yangu itazame chooni? Watu watanionaje?"

Bendera fuata upepo huyo! Akachagua ile ya mviringo yenye taa ya kijani, akaipandisha mwenyewe, akaielekeza kilimani. Fundi akaiacha ile ndefu ukutani, akaenda zake.

Saa saba ikafika. Kituo cha karibu kilikuwa safi kabisa, kinatangaza dawa ya kusafishia choo. Cha mbali, chenga tupu. Mama alikuwa amevaa gauni la sherehe, uso karibu uguse kioo. Shemeji anachokonoa meno, ananusa kijiti.

"Mitambo yao mibovu," akasema.

Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Changu kilikuwa juu, nikapanda na antena ndefu. Bati zima lilikuwa mavi ya njiwa, mabichi na makavu. Yaliniingia kwenye kucha, nikatapika. Nikahamisha waya, nikaikumbatia antena, nikaigeuza taratibu kuelekea chooni.

"Mama, vipi?"

"Chenga!"

"Na sasa?"

Kisha sauti ya mdogo wangu ikapanda kutoka ndani, inasoma habari za mvua.

"Ndiye!" mama akapiga kelele. "Anainamisha kichwa kama marehemu baba yake! Usiguse tena, mwanangu!"

Nikaishikilia hivyo hivyo. Nikiilegeza tu, sauti inakatika. Chini, majirani walikuwa wamejaa mlangoni, na shemeji anawaambia, "Antena yangu hii inakamata popote." Nilitamani kumtemea mate, ila mlengo ungeharibika.

"Mbona hushuki?" mama akaita. "Njoo umwone mwenzio, kapendeza!"

"Namwona, mama," nikajibu. "Dirishani naona vizuri kabisa."

Upande ule wa choo hauna dirisha.