Vifua Vitatu

Mbinya alikuwa na miaka hamsini na tisa na hakuwa amewahi kumbeba mtoto mchanga.

Si kwamba hakupenda. Alipoolewa upande wa Kibwezi akiwa msichana, miaka kumi na mmoja ilipita bila mimba, na wanawake wa ukoo wa mumewe wakaanza kumruka. Mtoto akizaliwa walikuwa wakikusanyika kumwona, wakimpokezana mmoja baada ya mwingine, na zamu ikifika kwa Mbinya mtoto anapitishwa juu ya magoti yake kwenda kwa aliyekaa pembeni. Siku moja alithubutu kunyoosha mikono. Shemeji yake akamvuta mtoto nyuma na kusema, "Wacha tu, mikono yako ni mikavu." Mbinya akairudisha mikono ndani ya leso yake. Tangu siku hiyo hakuomba tena.

Mwana alikuwa naye, lakini. Dada yake mkubwa, Mwongeli wa Kambu, alikuwa na watoto saba, na mwaka mmoja wa ukame mkali alimleta wa tano wao, Mutisya, akiwa na miaka minne. "Huyu ni wako," Mwongeli alisema, na hakusema zaidi, kwa sababu alikuwa anajikaza asilie. Mutisya aliingia nyumbani kwa Mbinya akitembea kwa miguu yake mwenyewe, akiuliza mbuzi wanalala wapi. Mbinya alimlea, akamsomesha, na mumewe alipofariki akahama pamoja na kijana mpaka Mutomo, ambako Mutisya alipata kazi ya kutengeneza pampu za visima. Mutomo hakuna aliyejua habari zao. Watu walimwita Mama Mutisya, naye akaitika. Ila moyoni alijiona kama mtu aliyepewa kazi ikiwa imefika katikati, mwanzo wake ukiwa umefanywa na mwingine.

Mutisya alipooa, alimwoa Nzilani, mwalimu wa chekechea, msichana mpole mwenye kicheko kikubwa. Mimba mbili za kwanza ziliharibika. Ya tatu ilishika, na picha ya hospitali ikaonyesha watoto wawili. Kuanzia hapo Mbinya hakumruhusu Nzilani hata kuinua ndoo.

Uchungu ulikuja Jumanne asubuhi, miezi miwili kabla ya wakati. Nzilani alikuwa ameketi kwenye kigoda akichambua pojo. Akasimama, akatazama chini, akasema kwa sauti ndogo, "Mwaitu, mama, maji yametoka." Mutisya alileta pikapu ya kazini, mabomba bado yamelala nyuma, wakampeleka hospitali wakiwa wamekaa watatu mbele.

Mbinya na Mutisya waliketi kwenye benchi nje ya chumba cha kujifungulia. Kabla ya saa nne wakasikia sauti nyembamba, kama ya mwanambuzi, kisha nyingine. Muuguzi akatoka. Jina lake lilikuwa Gakenia, mwanamke mnene wa makamo ambaye wazazi wake walihamia Mtito Andei zamani kufanya biashara, naye akawa anaongea Kikamba kuliko Wakamba wengine.

"Wavulana wawili," alisema. "Wadogo, lakini wanapumua. Mama yao yuko sawa."

Mutisya alifungua mdomo kushukuru. Kabla hajatamka neno, mtu akaita kutoka ndani: "Sista! Rudi! Kuna mwingine!"

Gakenia aligeuka mbio, mlango ukajifunga. Mutisya akamtazama mama yake.

"Mwingine nani?" aliuliza.

Mbinya aliutazama mlango. Alikuwa amesimama, na hakukumbuka alisimama saa ngapi. Hawakusikia kilio cha tatu. Walisikia viatu, vyombo, maji, sauti ya Gakenia ikisema, "Haya mrembo, haya, haya." Kisha kimya. Kisha kitu kama kikohozi cha paka, na watu ndani wakacheka kwa pamoja jinsi watu wanavyocheka wakitoka kwenye hatari.

Gakenia alitoka tena, jasho likimtiririka. "Ni msichana. Alikuwa amejificha nyuma ya ndugu zake muda huu wote. Mama Mutisya, una wajukuu watatu."

Mutisya akaketi chini sakafuni, si kwenye benchi, akafunika uso kwa mikono iliyokuwa bado na grisi.

Wavulana walikuwa na kilo moja na nusu kila mmoja, au karibu hivyo. Msichana alikuwa na kilo moja na gramu mia moja. Mbinya alimwona kwa mara ya kwanza kupitia kioo, na kitu cha kwanza alichofanya ni kurudi nyuma hatua moja. Hakuwa amejua kwamba binadamu anaweza kuanza akiwa mdogo hivyo. Kichwa chake kingeingia kwenye kikombe cha chai. Masikio yalikuwa yamelala bapa, hayajajikunja bado. Kucha zilikuwa ndogo kuliko punje ya wimbi, lakini zilikuwepo, zote kumi, kila moja imekamilika na imepindwa vizuri pembeni, kana kwamba aliyezitengeneza alikuwa na muda wote duniani.

Siku ya tatu, watoto walipokuwa wanapumua vizuri, Gakenia aliwaita wote watatu, Nzilani, Mutisya na Mbinya, kwenye chumba chenye vitanda vinne na jua la dirishani.

"Sasa mnisikilize," alisema. "Watoto hawa wanahitaji joto, na joto linalowafaa zaidi ni la mtu. Ngozi kwa ngozi, kifuani, mchana kutwa na usiku. Tunaita kangaruu. Mama mmoja hawezi kubeba watatu. Kwa hivyo nataka vifua vitatu."

Mutisya alishika kola ya shati lake. "Sista, mimi nina nywele kifuani."

"Mtoto hana shida na nywele. Oga, rudi."

Nzilani alicheka mpaka akashika tumbo kwa maumivu. Mbinya hakucheka. Alingoja Mutisya atoke, kisha akamvuta Gakenia kando, karibu na sinki.

"Sista," alisema kwa sauti ya chini, "tafuteni mtu mwingine wa huyo wa tatu. Dada ya Nzilani anaweza kuja."

"Kwani wewe unaumwa?"

"Siumwi." Mbinya alitazama mikono yake. "Mutisya sikumzaa. Ni wa dada yangu. Mimi mwili wangu haujawahi kubeba mtoto. Sijui kama unajua kazi hiyo. Na huyo ni mdogo sana. Nisije nikamharibu."

Gakenia alifungua bomba, akamshika mikono yote miwili, akaanza kuiosha kwa sabuni kama anavyoosha mtu mtoto aliyetoka kucheza, kidole kwa kidole.

"Umepoa?" aliuliza.

"Nini?"

"Nauliza kama mwili wako ni baridi."

"La."

"Basi unaijua kazi. Fungua vifungo vya hiyo nguo, ukae kwenye kiti."

Walimlaza msichana kati ya matiti yake, wima, akiwa na nepi na kofia ya sufu tu, mpira mwembamba wa maziwa ukiwa umepita puani. Gakenia alimgeuza kichwa pembeni, akamkunja miguu kama chura, akawafunga wote wawili pamoja kwa leso. Mbinya alishikilia pumzi. Mtoto hakuwa na uzito. Ilikuwa kama amewekewa kiganja cha mtu kifuani. Kisha kiganja kile kikasogea. Kikajikunja. Chini ya leso, moyo mdogo ulikuwa unakimbia, unakimbia, na Mbinya akauhisi juu ya moyo wake mwenyewe, mmoja wa haraka na mmoja wa polepole. Baada ya muda, ule wa haraka ukatulia kidogo.

Gakenia alisoma kipimo cha joto. "Unaona? Amepanda. Ameshajua yuko wapi."

Mbinya aliishika leso kwa mikono yote miwili. Machozi yalishuka mpaka kidevuni na hakuyapangusa, maana mikono yake miwili ilikuwa na kazi.

Wakaanza maisha hayo. Nzilani na Mutisya walibeba wavulana, waliopewa majina ya babu zao wawili, Kivuva na Kioko. Mutisya, aliyezoea kulala chini ya pampu na spana mkononi, sasa alikaa saa nzima bila kukohoa, akimsimulia Kioko habari za visima: hiki kina chumvi, kile kina maji matamu lakini kiko mbali. Nzilani alikamua maziwa kila baada ya saa tatu na kuyagawa kwa mililita. Mishi, mama wa Kiislamu mwenye duka la nguo sokoni na ambaye binti yake alikuwa kitanda cha pili, aliwaletea leso tatu laini kutoka dukani kwake, zilizofuliwa tayari. "Za dukani ni ngumu, zinakwaruza," alisema. "Nimezifua mara nne."

Siku ya saba, saa sita mchana, Nzilani alikuwa anakula na Mutisya amesinzia. Mbinya alikuwa anaangalia dirishani wakati kitu kilipobadilika kifuani mwake. Hakusikia sauti. Kinyume chake, kilichomshtua ni kwamba kale kapumzi kalikokuwa kanampuliza shingoni, kamoja baada ya kengine, hakakuja. Alingoja. Hakakuja tena. Alitazama ndani ya leso na kuona midomo ya mtoto inageuka rangi.

"Sista!" aliita, lakini hakungoja. Gakenia alikuwa amewafundisha. Alisugua mgongo ule mdogo kwa vidole viwili, juu chini, juu chini. Akamgusa nyayo, akazikuna. "Amka," alisema kwa Kikamba, kwa ukali ambao hakuwahi kuutumia hata kwa Mutisya. "Amka. Bado hatujaongea mimi na wewe. Amka!"

Mtoto alishtuka, akakunja uso, akavuta hewa. Akavuta tena. Kisha akakasirika na kulia, kilio chake cha kwanza cha kweli, kidogo na kikali, kikajaza chumba chote. Gakenia alipofika akiwa mbio, alimkuta amekuwa mwekundu kwa hasira na Mbinya anatetemeka mwili mzima, isipokuwa mikono.

Gakenia alimpima mtoto, akamsikiliza kifua kwa muda mrefu. "Wa umri huu husahau kupumua," alisema. "Mahali penye mashine ya kupima pumzi, ndiyo hupiga kelele. Wewe ulijuaje mapema hivyo?"

"Sijui," Mbinya alisema. "Nilijua tu." Na alishangaa kwamba ilikuwa kweli.

Siku ya tisa Mwongeli alifika kutoka Kambu, amebeba machungwa na unga wa wimbi, akiongea tangu getini. Aliosha mikono akiongea. Alipoingia chumbani akamwona mdogo wake kwenye kiti karibu na dirisha, nguo imefunguliwa, kofia ndogo ya sufu inachungulia chini ya kidevu chake, akanyamaza. Mwongeli si mtu wa kunyamaza.

Alikuja akapiga magoti mbele ya kiti, akatazama.

"Jina lake nani?" aliuliza hatimaye.

Mutisya na Nzilani walitazamana. Kwa desturi yao msichana wa kwanza huchukua jina la mama wa baba yake, na tangu siku ya kwanza hakuna aliyethubutu kuligusa jambo hilo.

Mbinya ndiye aliyejibu. "Tulikuwa tunakungoja. Ni jina lako analopaswa kuitwa. Ulimzaa baba yake."

"Mimi?" Mwongeli alisema. "Mimi nina wajukuu wanne wa jina langu. Pale nyumbani mtu akiita Mwongeli tunaitika watano, na bado kuni haziletwi." Kisha akaacha mzaha. Alimshika Mbinya goti. "Sikia. Mimi nilimzaa Mutisya asubuhi moja, na kufikia mchana nilikuwa nimemaliza. Wewe hujamaliza mpaka leo. Huyu ni Mbinya. Nani hapa ana neno?"

Mutisya aligeuka dirishani akajifanya anaangalia gari. Nzilani alikuwa analia waziwazi, Kivuva akipanda na kushuka kifuani mwake kwa kila kwikwi.

Mbinya aliivuta kofia ndogo ifunike masikio ya mtoto. "Msiongee kwa nguvu," alisema. "Amelala."

Walikaa hospitalini wiki sita. Mbinya mdogo ndiye aliyechelewa kufikisha kilo mbili, na siku alipofikisha Gakenia alizunguka na kadi yake wodi nzima akiwaonyesha watu. Nyumbani wanawake wa jirani waliwapokea kwa vigelegele, uji na maziwa ya mbuzi, wakabishana ni nani anafanana na nani.

Asubuhi ya kwanza nyumbani, Nzilani aliwalaza watoto wote watatu kitandani, bega kwa bega, kila mmoja akiwa na joto lake mwenyewe. Mbinya alikuwa ameweka uji motoni. Aliingia kuchukua sukari, akawaona, akakaa kwenye ukingo wa kitanda mara moja tu, kupumzisha miguu. Vifua vitatu vidogo vilikuwa vinapanda na kushuka, kila kimoja kwa mwendo wake. Wakati fulani vilipatana, vikapanda pamoja mara mbili, kisha vikaachana tena. Mbinya akainama karibu aone kama vitapatana tena.

"Mwaitu," Nzilani aliita kutoka uani, "husikii harufu? Uji unaungua!"

"Uache uungue," Mbinya alinong'ona, bila kuinua macho.