Siku ya Jirani

Saa nne asubuhi mwanamume mmoja aliingia karakanani kwangu na futi kamba mkononi, akaanza kupima ukuta bila hata kunisalimia. Nilikuwa nimepiga magoti juu ya jiwe la bibi mmoja wa watu, nimefika katikati ya jina lake, na kwetu herufi ya marehemu haiachwi katikati. Nikamaliza mkia wa herufi, nikapuliza vumbi, ndipo nikamuuliza kama amepotea njia.

"Nimeambiwa hapa panauzwa," akasema. "Mama mwenyewe kaniita nije kupima. Tunalipana Ijumaa."

Mimi ni mchonga mawe ya makaburi. Karakana hii aliijenga baba, fundi kabla yangu: chumba cha kazi mbele, vyumba viwili vya kulala nyuma, tunamoishi mimi na mama tangu baba afariki. Hati ina jina la mama. Nimezoea watu kuniletea habari mbaya, ndiyo kazi yenyewe, lakini huwa ni habari za kwao. Nilimsindikiza yule bwana hadi barabarani kwa adabu zote nilizobakiwa nazo, na hazikuwa nyingi.

Mama alikuwa ameketi kitandani, kaishika simu kwa mikono miwili. Aliponiona aliisukuma chini ya mto.

"Unaongea na nani, Mama?"

"Na watu wa mtandao. Wanauliza kama nimeridhika na huduma."

Mama yangu kuridhika na huduma! Mwanamke anayegombana na redio. Nikakaa sakafuni mbele ya miguu yake, nikamwambia kuna mtu anapima kuta zetu, na kama nimemkosea aniambie usoni. Kisha akaitoa simu, akanipa, akageukia dirisha.

"Soma mwenyewe. Ni habari za kaka yako."

Kaka yangu tulimwita Tiara, kwa sababu utotoni hakushikika ardhini, kila ukimtafuta yuko juu ya paa. Miaka ishirini na miwili iliyopita alikwenda nje kutafuta kazi. Alipiga simu mara mbili, mara ya pili akiwa na mafua. Baada ya hapo, kimya. Tuliuliza ofisi zote zinazoulizwa, mpaka makarani wakawa wakituona tu wanainamisha vichwa.

Ujumbe wa kwanza ulikuwa na wiki tatu. "Kwa mama mpendwa wa marehemu," uliandikwa. "Mimi ni wakili wa mwanao, aliyejulikana nyumbani kwa jina la Tiara, mzaliwa wa tarehe kumi mwezi wa pili. Amefariki kwa ajali, hana mke wala mtoto. Ameacha mali nyingi benki na wewe ndiye mrithi pekee. Kwa usalama wako usimwambie mtu yeyote, hata wa nyumbani."

Nilikwisha kupandwa na hasira kabla sijamaliza. Wafiwa wananionyesha ujumbe wa namna hii kila mwezi, na wimbo wangu ninao tayari. Wakili gani anaandika kwa namba ya simu inayobadilika kila wiki? Mrithi gani anaambiwa atangulize pesa ndipo apewe kilicho chake? Mirathi gani halali inafichwa hata kwa watoto wa nyumbani, halafu inakwisha muda Ijumaa? Nilifungua kinywa nimwimbie mama wimbo wote, nikakifunga.

Tiara. Jina hilo halimo katika cheti wala pasipoti. Nikaendelea kusoma. Kila asubuhi yule wakili alimsalimu mama, akamuuliza ameamkaje na kama miguu bado inauma. Mahali fulani aliandika: "Hata huku alipenda kukaa juu ya paa peke yake." Ilikuwa mchana kweupe, nje watu wanapita na mikokoteni, na mimi niliogopa kutazama dari.

Nikairudia tarehe ile kimoyomoyo. Kumi mwezi wa pili. Kuna kitu kilinikwaruza. Nikamwambia mama nakuja, nikatoka uani.

Jiwe la kaka liko pale, chini ya dirisha la mama. Nililichonga miaka mitatu iliyopita, mama aliponiambia amechoka kulia bila kuwa na mahali pa kutazama. Makaburini walilikataa, hawapokei jiwe lisilo na mtu, kwa hiyo tuliliegemeza ukutani. Lina jina lake, siku ya kuzaliwa, na mahali pa siku ya kufa niliacha patupu. Siku ya kuzaliwa iliyochongwa ni tarehe kumi. Kaka alizaliwa tarehe tisa.

Sikukosea. Baba alikuwa na mwiko wake: jiwe la mtu ambaye hakuna aliyemwona akizikwa haliandikwi siku yake ya kweli. Unamwandikia siku ya jirani, ile inayofuata, ili mauti yakija na orodha yao yasimkute. Fundi mwingine angecheka. Mimi niliufuata, na hatukumwambia mtu, wala shangazi wala majirani. Waliojua ni mama na mimi.

Basi nikaelewa, na aibu ikanipanda kama homa. Lile jiwe nililipiga picha mwenyewe. Nililiweka kwenye ukurasa wa karakana ili wateja waone nilivyo hodari wa herufi nyembamba. Shangazi alikuja kuandika chini yake, "Tiara wetu, mpanda mapaa, tunakulilia," akaongeza kumpa mama pole ya miguu. Kila alichokijua wakili kilikuwa pale, hata namba ya simu ya mama kwa wateja wasionipata, nimekibandika mimi kwa mikono yangu. Nilicheka peke yangu mbele ya jiwe, kicheko kibaya, kisha nikarudi ndani mbio.

"Mama, ni matapeli! Tarehe si yake. Wameitoa kwenye jiwe!"

"Najua si yake," mama akasema. "Siku ya kumzaa nilikuwepo."

"Sasa si ungejua ni waongo?"

"Hapana. Hapo ndipo nilipoamini." Alisema taratibu, kana kwamba mimi ndiye mgonjwa. "Wangeandika tisa, ningesema kuna mtu kaokota vyeti vyake. Wameandika kumi. Siku ile haikuwa ya mtu, mwanangu. Tuliitengeneza sisi, tukaitoa nje, tukasema mauti yakija yachukue hiyo. Yamekuja. Yameichukua."

Nilitaka kumwambia ni upuuzi. Lakini kupitia dirishani niliona kichwa cha jiwe, na sehemu ile tupu ambayo mikono yangu iliilainisha kwa msasa siku nzima, ikingoja namba.

Juu ya meza ndogo palikuwa na karatasi aliyokwenda kuchapishiwa dukani. "Mimi, mama mzazi, nathibitisha kwamba mwanangu amefariki dunia." Chini yake mstari wa saini, mweupe. Kalamu ilikuwa imelazwa pembeni, kifuniko kimetolewa, wino umekauka kwenye ncha.

"Hujasaini."

"Siku ya nne leo. Mkono haukubali."

"Na hizo mali unazitakia nini, Mama? Unauza paa tunalolala chini yake ili upate mali?"

Alinitazama kwa hasira ya kweli, ya kwanza siku ile. "Mali? Nani kataja mali? Soma mpaka mwisho. Kuna ada ya kumsafirisha. Nataka wamlete!"

Hapo nililia. Nilikuwa nimemwona mama kama mzee aliyeingizwa mkenge kwa tamaa, na kumbe yeye alikuwa ananunua maiti ya mtoto wake. Niliuchukia ule mkono usioonekana uliojua kupapasa mpaka ukapata pale panapouma.

Nilipanguza uso kwa kiganja kilichojaa vumbi la mawe, nikazidisha uchafu. Nikamshika magoti.

"Sikiliza. Baba aliweka siku ya jirani ili mauti yakose, sivyo? Kama yamemchukua wa tarehe kumi, basi yamekosa. Aliyekufa ni yule wa kwenye jiwe. Yule hukumzaa wewe, na huwezi kumrithi wala kumzika."

Mama akachukua simu, akaandika kwa kidole kimoja, herufi moja moja: "Sisaini. Mwanangu hajafa."

Tulingoja. Dakika mbili hivi. Simu ikatetemeka mkononi mwake.

"Mama. Ni mimi, Tiara. Kweli sikufa. Wakili alinificha kwa usalama wangu. Niko hospitali, siwezi kuongea, naweza kuandika tu. Nisaidie, mama."

Sauti iliyomtoka mama sijawahi kuisikia tena. Mwili wangu wote uliijua hila ile, kwamba mlango mmoja ukifungwa wanaingilia mwingine, na bado kwa pumzi moja moyo wangu nao uliruka. Nilinyoosha mkono nimpokonye simu. Akanizuia kwa kiwiko.

"Ulizaliwa lini?" akaandika.

Jibu halikuchelewa. "Tarehe kumi mwezi wa pili. Umenisahau, mama?"

Mama alilisoma mara mbili. Alilisogeza mbali na macho, akalisogeza karibu. Kisha akaniwekea simu mapajani kama mtu anayerudisha sahani chafu.

"Siye," akasema. "Fanya unavyojua."

Nilifanya. Nilizipiga picha jumbe zote, namba na tarehe zake, kisha nikazifunga namba zile zisiingie tena. Hatukuwajibu neno jingine, hata tusi, ingawa nilikuwa nayo mazuri. Nikapeleka picha polisi na kampuni ya simu, nikampigia yule bwana wa futi kamba nikamwambia hapauzwi. Mama akaichana karatasi vipande vidogo, akalala, akakoroma. Wiki tatu alikuwa halali, na mimi chumba cha pili sikujua.

Saa kumi jioni nilirudi kwenye jiwe la bibi wa watu. Lakini kwanza nilifungua ukurasa wa karakana ili niitoe ile picha. Nilipitia maoni kwa mara ya mwisho: pole ya shangazi, mteja anauliza bei, mtu kaweka ua. Chini kabisa palikuwa na moja la siku ile ile niliyobandika picha, miaka mitatu nyuma. Nilikumbuka nililiona wakati ule, nikasonya, nikasema kuna watu hawana kazi.

"Tarehe siyo hiyo."

Basi, hayo tu. Aliyeandika hakuwa na picha wala jina, tarakimu tupu. Nilifungua ukurasa wake, hapakuwa na kitu. Hakuuliza jambo, hakuomba senti, hakurudi tena.

Nilikaa juu ya ndoo ya maji. Mama hajui hata ukurasa huo unafunguliwaje. Baba alikwisha kuwa chini ya jiwe lake mwenyewe. Nikajiambia labda ni mtu aliyesoma naye, nikajiambia matapeli nao wana subira, nikajiambia mengine ambayo ningemwambia mteja yeyote na ningemwambia kwa ukali. Ningeifuta picha, maneno yale nayo yangefutika. Kidole kilikaa juu ya kitufe mpaka kikafa ganzi.

Nikaandika chini yake: "Ni ipi?"

"Unaongea na nani?" Mama alikuwa ameamka, amesimama mlangoni na nywele upande.

"Na mteja, Mama. Anauliza bei ya jiwe."

Alinitazama kidogo, akarudi ndani. Nikailaza simu kifudifudi pembezoni mwa jiwe, nikashika patasi na nyundo, nikaendelea na jina la bibi wa watu. Simu ilipotetemeka nilikuwa katikati ya herufi. Herufi niliiacha hapo hapo, nikaichukua simu.