Ngumi Mbili

"Leo umeshona," mama mdogo aliniambia, na kichwa kikanivimba. Kauli hiyo nilikuwa nimeisubiri miezi saba. Alikuwa ameusogeza mto wa kijani karibu na macho, anaukagua mdomo wake nilioufunga kwa mkono, anautafuta uzi asiuone. Akanirudishia. "Haya, maliza."

Kumaliza mto, katika karakana yetu, kulikuwa na maana moja: ngumi mbili katikati, ili vipande vya vitambaa vilivyomo visambae. Nikapiga ya kwanza. Nikapiga ya pili kwa nguvu zaidi, maana nilikuwa na furaha.

Sasa nina umri mkubwa kuliko aliokuwa nao yeye siku ile, na mkono wangu wa kulia bado unaikumbuka ile ya pili.

Kinda la chiriku lilituangukia wiki tatu kabla, kutoka kwenye tundu la hewa juu ya meza ya pasi. Halina unyoya hata mmoja, macho hayajafunguka, mdomo mkubwa kuliko kichwa. Mama mdogo alilitazama akasema, "Hilo jioni halifiki." Mimi nami ni mbishi wa kuzaliwa. Nikaponda kiini cha yai kwa maji ya uvuguvugu, nikachota kwa ncha ya kijiti cha kiberiti, nikalilisha. Jioni ikafika, nalo lipo. Kesho yake vilevile. Kila nusu saa lilidai chakula kwa makelele, wala halijali kama nimebana pini mdomoni, mpaka mama mdogo akalibandika jina la Bosi.

"Bosi wako anaita," alikuwa akisema bila kuinua macho kwenye cherehani. "Nenda, asije akakufukuza kazi."

Alijifanya hana habari naye. Lakini nilimfuma mara mbili ameshika kijiti changu, anamsemesha.

Nilimtandikia Bosi boksi la viatu kwa vipande laini kutoka kapu la kujazia mito. Wateja wakija, nilimfunika kwa kimojawapo, naye akanyamaza papo hapo. Nilijiona mjanja kweli. Kumbe nilikuwa nimemfundisha kwamba ndani ya vitambaa ndiko nyumbani, na kwamba nyumbani hakupigwi kelele.

Asubuhi ya mto wa kijani, Bosi aliruka kwa mara ya kwanza, kutoka begani kwangu hadi juu ya cherehani. Hatua tatu nzima! Mama mdogo akapiga makofi, akajisahau. Tukakubaliana kwamba kesho tungefungua dirisha, aende akitaka. Nikamrudisha kwenye boksi apumzike, kifuniko nikakiacha wazi apate hewa.

Kisha nikalivuta kapu, nikaanza kujaza. Nilichota vipande kwa viganja viwili, macho yakiwa kwenye mdomo wa mto. Siku hiyo niliutaka mshono kuliko kitu chochote.

Nusu saa ilipotimia hakuna aliyeita. Niliponda yai, nikapiga mluzi. Kimya. Boksi tupu. Nikacheka, nikasema huyu naye ameshaota kiburi, na nikaanza kumtafuta nyuma ya majora, chini ya meza, juu ya pazia. Dirisha lilikuwa limefungwa. Mama mdogo, pamoja na magoti yake mabovu, alikuwa sakafuni chini ya cherehani. "Bosi. Toka, baba. Toka ule."

Halafu akainua kichwa. Alilitazama kapu. Akautazama mto rafuni.

"Mto," alisema.

"Hapana."

"Lete wembe."

"Nimesema hapana, mama mdogo!"

Sikuwahi kumpandishia sauti maishani. Hakunikemea. Niliunyakua mto, nikaushambulia mdomo wake kwa kucha, kisha kwa meno. Mshono ulikataa. Uzi ulinichana mdomo na haukukatika. Mama mdogo akauchukua taratibu mikononi mwangu, akapitisha wembe mara moja.

Alikuwamo. Katikati, kati ya kipande cha shati la buluu na cha pazia, amejifunika vizuri kama nilivyozoea kumfunika. Alikuwa bado na joto. Nilipomwinua, shingo haikufuata.

Machozi hayakuja. Nilimgeukia mama mdogo nikamuuliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia mkasi, "Sasa hili yai nimpe nani?"

Alikaa chini, wembe mkononi. "Ngumi nilikufundisha mimi," alisema. Akasema tena. Nilipaswa kumwambia si kosa lake, mikono ilikuwa yangu. Nikaacha siku ipite, kisha miaka, na mwisho tukamzika bila mimi kumwambia. Hilo nalo linaniuma.

Karakana sasa ni yangu. Mito bado najaza, na watu wanausifia mshono wangu. Ngumi sipigi. Nikishafunga mdomo, naulaza mto mezani, naweka sikio juu yake, nasubiri. Wateja wageni hucheka.

"Fundi, mto unasemaje?"

"Hausemi kitu," nawajibu, na ndipo ninawapa.